Ushauri: filamu za zamani za Hollywood zilizotokana na riwaya za kutisha, nianze na ipi?

Mwana wa Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kusoma Frankenstein ya Mary Shelley na Dracula ya Bram Stoker, sasa nataka kuona Hollywood ya zamani ilizifanyia nini riwaya za namna hii, za makasri, mizimu na siri za ukoo. Juzi tuliweka Dracula ya 1931. Kule mwanzoni kwenye kasri lililojaa utando wa buibui nilikaa wima kabisa. Wakishafika Uingereza ni sebuleni na maongezi, muziki karibu hakuna. Mke wangu akalala. Wikiendi hii nataka tujaribu tena, ila yeye damu na makelele hataki. Je, zote ziko hivi?

Mzee wa Reli:
Si zote, mkuu. Hiyo Dracula ilipitia kwanza jukwaani, kwenye tamthilia ya Hamilton Deane iliyorekebishwa na John Balderston, ndiyo maana sebule haziishi. Studio ya Universal walipiga na toleo la Kihispania usiku, kwenye seti zilezile, chini ya George Melford. Kamera ya kule inatembea zaidi, lakini Bela Lugosi, Dracula wa hiyo mliyoiona, hayumo, na bila yale macho yake utaona kuna kitu kimepungua. Weka Frankenstein ya James Whale, ya mwaka huohuo. Dakika 70 hivi tu, hata usingizi hautawahi.

Binti Saada:
Naunga mkono, ila kwa kuwa umesoma kitabu jiandae. Kiumbe wa Shelley anajenga hoja kama wakili, kasoma mpaka Paradise Lost, lile shairi refu la Milton. Boris Karloff, anayemcheza kwenye filamu, ananguruma tu. Lakini angalia pale dari linapofunguliwa, mwanga unamshukia usoni naye anainua mikono kuushika, halafu dari linafungwa, mikono imebaki inaomba. Hapo maneno ya nini? Ukimpenda, endelea na Bride of Frankenstein ya 1935. Humo anaanza kuongea, na Elsa Lanchester anacheza Mary Shelley mwanzoni na bibi harusi mwishoni.

Kaka Mpole:
Mtu kasema shemeji hataki makelele, nyie mnamletea majitu! Rebecca, 1940, Alfred Hitchcock. Hakuna jini wala damu, kuna nyumba kubwa, mke mpya asiyetajwa jina na mtunza nyumba anaitwa Mrs Danvers. Hitchcock hamwonyeshi sana akitembea. Binti anageuka, kumbe mama kasimama pale zamani. Kuna sehemu Mrs Danvers anamtembeza kwenye chumba cha marehemu Rebecca, mke wa kwanza, anachukua gauni la kulalia, anapitisha mkono ndani yake aone lilivyo jepesi. Mimi pale hata chai niliisahau. Kitabuni mume, Maxim, ndiye aliyemuua Rebecca, lakini kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu muuaji aondoke salama, kwa hiyo kwenye filamu kifo kikawa ajali.

Binti Saada:
Kaka, umemmalizia uhondo wote!

Kaka Mpole:
Samahani jamani. Mrs Danvers bado yupo, atamtosha.

Mwana wa Makorora:
😂 Haya. Mke wangu anauliza Wuthering Heights, alikisoma chuoni.

Mzee wa Reli:
Ya 1939, ya William Wyler? Mwambie inakomea katikati ya kitabu, kizazi cha pili chote kimeachwa. Heathcliff wa Laurence Olivier ni mpenzi aliyeumizwa, wakati wa kitabuni ni mtu wa kuogopwa. Kama anakipenda kitabu atagomba. Kwa macho peke yake ni tamu, kazi ya kamera ya Gregg Toland ilipata Oscar, ingawa nyika zile za Yorkshire ni California.

Kalamu Nyeusi:
Nimechelewa kuingia. Hakuna aliyetaja The Picture of Dorian Gray ya 1945? Filamu nzima nyeusi na nyeupe, ghafla ile picha ya Dorian, inayozeeka na kuoza badala yake, inatokea kwa rangi. Ile iliyooza ilichorwa na Ivan Albright. Usiitafute mtandaoni kabla, iache ikukute kwenye filamu.

Mwana wa Makorora:
Asanteni sana wakuu. Leo Rebecca, kesho Frankenstein, Dorian wiki ijayo. Mama watoto keshaanza kukaanga bisi. Kaka Mpole, hiyo ya ajali sijamwambia, na wewe usipite hapa nyumbani.