Tupeane uzoefu: nani bado anajua maji bila kufungua simu?

MzeeWaTanga: Siku hizi mtu hashushi ngalawa mpaka simu imwambie maji yanajaa saa ngapi. Hesabu ni ya mwezi tu. Dar na Unguja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne. Kila siku ongeza kama dakika 50. Siku ya nane ya mwezi umeshaongeza karibu saa sita: yanajaa saa nne, nayo ni maji mafu, yasiyopanda wala kupwa sana. Mwenye zaidi amwage.

PwezaMkavu: Kweli tupu. Kina mama wa mwani Paje hawakosei bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu.

Fungu_Refu: Ongezeni hili: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mara 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, kisha 2, kisha 1. Bamvua la mita 3.5, saa ya tatu peke yake huingiza karibu sentimita 90. Anayeokota chaza kwenye fungu hayaoni yakija usoni. Mkondo wa nyuma, kati yake na ufuko, ndio unaojaa kwanza. Akigeuka, hana njia.

JoshiLaKusi: Usiku fuata nyota ya kaskazini, kwisha.

Fungu_Refu: Ukiwa Dar? Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo! Chukua Msalaba wa Kusini, mti wake mrefu uuendeleze mara nne na nusu kupita mguu, kisha shuka wima hadi majini. Hapo ni kusini.

JoshiLaKusi: Mabaharia wa Maskati waliitumia.

Fungu_Refu: Wakishavuka ikweta kwenda kaskazini, ndugu.

KeboImechomoka: Acheni ugomvi. Juni 1995, meli ya abiria Royal Majesty, kutoka Bermuda kwenda Boston, watu zaidi ya 1,500. Kebo ya antena ya GPS ilichomoka mapema tu. Kifaa kikaanza kukisia kwa kasi na uelekeo, kikaandika DR (yaani nakisia) kwa herufi ndogo pembeni, na usukani wa otomatiki ukakitii. Saa 34! Loran-C, kifaa kingine cha kujua mahali kwa redio, ilikuwepo hapo hapo, inaonyesha mahali sahihi, hakuna aliyelinganisha. Afisa hakuliona boya, akaripoti wamelipita. Wakapanda fungu karibu na Nantucket, maili 17 nje ya njia.

PwezaMkavu: Boya hulioni, unasema umelipita??

MzeeWaTanga: Hapo ndipo bildi, kamba ya kupimia kina. Timazi ya risasi yenye kishimo chini, paka shahamu, shusha. Ikileta tope mahali unapotarajia mchanga, geuza.

JoshiLaKusi: Mimi nasema powerbank mbili.

KeboImechomoka: Nunua dira.

Fungu_Refu: Na usilaze simu kando yake. Sumaku ya spika hupinda sindano, nawe utamlaumu nahodha.