Kuanguka kunatia ushindi utamu, lakini umaskini je? Tujadili

Asalam aleikum wana Mombasa. Jana baada ya magharibi hapa maskani kwetu Likoni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema mchezaji ambaye hajapata misukosuko ushindi wake hauna uzito, mwingine akamkata kauli, akasema shida haina heshima yoyote, nyinyi mnavyozisifu shida ndio maana watoto wetu wanacheza pekupeku na mnaona sawa. Mimi nilikuwa na yule wa kwanza na bado niko naye, ila si kwa kila shida.

Nianze na nililoona kwa macho yangu. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilikuja hapa kwetu, uwanja wa gofu, jua la Mombasa mnalijua na ile hewa ya bahari inayogandisha shati mgongoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkataa, akatoka njiani, Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Pale niliposimama watu walishangilia na mimi nikashangilia, nilikuwa kijana, Mhabeshi kushindwa kwangu ilikuwa ni sikukuu, na leo zile kelele zaniuma wallahi. Maana mwaka uliofuata kule Edinburgh yule yule Bekele kiatu kilimvuka mapema, akasimama kukivaa, wenzake washamwacha, akawafata mmoja mmoja mpaka akawapita wote! Medali anazo nyingi yule bwana, ila hio ndio naikumbuka mimi, kwa sababu nilimuona alipoishiwa nguvu hapa kwetu.

Eliud Kipchoge, mkimbiaji wetu Mkenya, naye 2012 alikosa nafasi ya Olimpiki ya London, mbio za uwanjani zikamwishia hapo, akahamia barabarani, 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza Hamburg, 2016 dhahabu ya Rio, na 2019 kule Vienna akamaliza masafa ya marathoni chini ya saa mbili, 1:59:40. Asingekosa London sijui kama tungemuona barabarani mapema vile.

Lakini angalieni, hawa walipoanguka walikuwa na pa kuangukia. Kipchoge alikuwa na kocha wake Patrick Sang na kambi ya kurudi.

Mimi nafundisha vijana mpira jioni. Mmoja alikosa penalti kwenye fainali, akalia mpaka tukamshika, kesho yake alfajiri nikamkuta peke yake uwanjani anapiga penalti ukutani, msimu uliofuata akapewa tena na akafunga, na mamake alikuwepo. Ule ni ushindi, hakuna wa kunibishia. Mwingine, beki, bora kuliko wote niliowahi kufundisha, aliumia goti na pesa ya kupiga picha ya goti hospitali na matibabu haikupatikana, tulichanga, haikutosha. Sasa anaendesha tuktuk na mguu anauvuta. Yule wa penalti alipewa kitu cha kurekebisha, akakirekebisha kwa mguu wake mwenyewe. Goti halirekebishwi kwa moyo, lataka daktari. Sasa mkiyaweka haya mawili kapu moja mkayaita changamoto, mimi hapo siko.

NAONGEZA: kuna ndugu amenijibu kwamba Emmanuel Wanyonyi aliacha shule mdogo akachunga ng'ombe, na akaja kuchukua dhahabu ya mita 800 Paris 2024 kwa 1:41.19, kwa hivyo umaskini ndio uliomkomaza. Ndugu yangu nakuheshimu lakini sikubali. Wanyonyi alirudi shule, na akapata mkono wa Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa 800 mwaka 2007, mtu anayezijua hizo mbio mwanzo mwisho. Huo mkono ndio uliomtoa. Na wale waliochunga naye ambao hawakupata mkono wa mtu, majina yao unayajua?

Na tafadhali msiniambie nawadekeza vijana, nawakimbiza mchangani mpaka wananichukia, wakifungwa siwabembelezi. Kufungwa wafungwe, ndio mchezo.

Ila yule beki namuona Ferry karibu kila siku, akiniona hupiga honi na kunishikia nafasi. Mnaosema kila shida ina faida yake, hebu nielezeni yake yeye ni ipi.