Audacity, Ocenaudio au Reaper: ipi ya kuanzia kuhariri sauti kwenye laptopu ya RAM 4 GB?

Sauti_ya_Umoja

Habari zenu wadau. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Umoja, Nairobi, tunawarekodi wazee waliohamia mtaa huu ulipokuwa bado mpya. Tunarekodi kwa simu. Sasa kazi imefika pa kuhariri: kuondoa vikohozi na "aaah" ndefu, kupunguza kelele, kuweka muziki kidogo mwanzoni, halafu tutume kwenye WhatsApp. Baadaye huenda ikawa podikasti. Laptopu tuliyo nayo ni ya mitumba kutoka Luthuli, RAM 4 GB, Windows 10. Pesa ya kununua programu hakuna. Nimesikia zikitajwa Audacity, Ocenaudio na Reaper. Kama mngeniambia nianze na moja tu, ni ipi? Sijawahi kuhariri sauti hata siku moja.

FundiRedio

Audacity, usizunguke. Ilianza 1999 pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Maana yake ni kwamba swali lolote litakalokukwamisha, kuna mtu alishalijibu YouTube. Ni programu huria, haina muda wa majaribio wala nembo inayoandikwa juu ya kazi yako.

Kwa kazi yako kuna jambo moja linaloamua: unataka muziki chini ya sauti ya mzee. Hapo unahitaji trak mbili, moja ya maneno na nyingine ya muziki, zikicheza pamoja. Audacity inafanya hivyo. Ocenaudio haifanyi.

Na hizi stima zetu za kupotea bila taarifa: Audacity ikizimika ghafla, ukiifungua tena inakuuliza kama unataka kurejesha kazi uliyokuwa unaifanya. Tangu toleo la 3.0 la 2021 mradi wote unakaa ndani ya faili moja la AUP3. Zamani kulikuwa na faili dogo pamoja na folda iliyojaa vipande, mtu anakopi moja anasahau nyingine, kazi yote inaharibika.

Mama_Simulizi

FundiRedio umesema kweli kuhusu trak, lakini usimtishe mtu ambaye hajawahi kukata hata sekunde moja. Mimi hurekodi hadithi za watoto, sauti yangu peke yangu, na Ocenaudio inanitosha. Inafunguka haraka hata kwenye mashine iliyochoka. Ukitaka kubadilisha sauti, unasikia matokeo papo hapo huku ukisogeza kitufe, kabla hujakubali. Unaweza pia kuchagua sehemu kadhaa zilizo mbalimbali kwa wakati mmoja na kuzifanyia kitu kimoja. Ukiwa na vikohozi kumi na viwili ndani ya mazungumzo, utaniombea dua.

Imetoka Brazili, kwa watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Santa Catarina. Ni ya bure ingawa si huria, yaani msimbo wake haujafunguliwa. Kwa mtumiaji wa kawaida hiyo haibadilishi lolote.

Onyo moja: Ocenaudio haina faili la mradi kama Audacity. Ukibonyeza kuhifadhi, inaandika juu ya faili lenyewe. Tengeneza kopi ya rekodi ya mzee kwanza, iweke kwenye folda nyingine, usiiguse tena.

Kijana_wa_Rongai

Naona Reaper imesahaulika. Faili lake la kusakinisha ni dogo, haichoshi laptopu, na chochote unachofanya hakiharibu rekodi asilia. Ukija kupenda kazi hii utahamia huko tu, kwa hivyo kwa nini usianze huko?

FundiRedio

Kwa sababu si ya bure, kaka. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, kisha leseni ya bei ya chini ni dola 60. Najua haijifungi baada ya hizo siku, inakukumbusha tu kila ukiifungua. Lakini kijana amesema hana pesa, na kikundi kinachotaka kuomba ufadhili siku moja hakifai kuwa na programu ambayo hawajailipia. Halafu ile menyu yake! Kwa mtu anayeanza, ni kumkabidhi matatu abiria ambaye hajawahi kushika usukani.

Kijana_wa_Rongai

Hapo kwa leseni nimekubali. Kwa menyu sijakubali, lakini tusiharibu uzi wa watu.

Beat_Kayole

Jaribu LMMS, ni bure na iko poa sana.

Mama_Simulizi

LMMS ni ya kutengeneza midundo, ndugu yangu. Yeye ana sauti za wazee.

Mwalimu_wa_Sauti

Nimefundisha vijana kazi hii, niseme kitu ambacho hakihusu jina la programu. Swali gumu hapo juu ni moja tu, nalo limepitiwa haraka: kelele.

Kipunguza kelele cha Audacity kinafanya kazi hivi. Unachagua sekunde chache ambazo hakuna anayezungumza, unaiambia programu "hii ndiyo kelele", inajifunza sura yake. Kisha unachagua rekodi nzima na kuiamuru iitoe. Ocenaudio nayo ina kifaa cha namna hiyo. Lakini angalia: mbinu hii inaweza tu kelele isiyobadilika, kama feni, friji, jenereta ya duka la chini au mvumo wa simu yenyewe. Pikipiki inayopita, hawa jamaa wa mahubiri wenye spika, makanga anayeita abiria, hizo hubadilika kila sekunde. Hakuna sampuli ya kuionyesha programu. Ukilazimisha, mzee ataanza kusikika kama anaongea ndani ya mtungi wa maji.

Kwa hiyo anza na kiasi kidogo, desibeli 6 hadi 12 hivi, usikilize kwa hedifoni. Kelele kidogo inayobaki haimsumbui msikilizaji. Sauti iliyokwaruzwa ndiyo inamfanya azime.

Kwa ule mngurumo wa chini wa magari kuna dawa nyingine: kichujio kinachokata kila kilicho chini ya takriban Hz 80 (Hz ni kipimo cha uzito au wembamba wa sauti). Sauti ya mtu anayezungumza haipotezi chochote cha maana huko chini, ila injini ya basi ina mengi.

Na kabla ya hayo yote, ombeni wazee wakae chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa. Sebule yenye sakafu ya vigae na kuta tupu inarudisha mwangwi, na mwangwi hauondoki kirahisi kwa programu za bure. Simu iwe karibu na mdomo, kama shibiri moja, isiwekwe mezani katikati. Sauti ikipita kiwango na kukatika juu, mawimbi yanakuwa bapa na hakuna wa kuyarudisha. Bora rekodi iwe chini kidogo, utaipandisha baadaye.

Sauti_ya_Umoja

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya sebule ya vigae umetuona kabisa. Swali: simu yangu inahifadhi rekodi kama faili za M4A. Nimepakua Audacity kwa kompyuta ya rafiki, imekataa kufungua faili.

FundiRedio

Kawaida hiyo kwenye Windows. Audacity inahitaji FFmpeg ili isome M4A. Ni kifurushi cha kuongeza, cha bure pia, maelezo yake yako kwenye tovuti ya usaidizi ya Audacity. Ukishaisakinisha mara moja hutaisumbukia tena. Au kama programu ya kurekodi ya simu inakuruhusu kuchagua WAV, chagua hiyo. Itakula nafasi zaidi lakini haina mgogoro.

Pakua Audacity kwenye tovuti yake rasmi tu, kuna tovuti za kuigiza zinazobandika takataka. Hata hapo rasmi, kitufe kikubwa kinakuletea pia Muse Hub, programu nyingine ya kampuni inayomiliki Audacity. Tafuta kiungo cha kupakua Audacity peke yake, uokoe data.

Linuxi_Eastlands

Kwani Audacity si ndiyo ilisemekana inapeleleza watu?

Mama_Simulizi

Ilikuwa 2021, baada ya Muse Group kuinunua. Wakatoa sera ya faragha iliyowakasirisha watu, wengine wakachukua msimbo na kuanzisha matoleo yao, kama Tenacity. Sera ikaja kurekebishwa. Huwa inaangalia kama kuna toleo jipya, na unaweza kuzima hilo kwenye mapendeleo. Kwa simulizi za wazee wa Umoja nisingekosa usingizi.

Mwalimu_wa_Sauti

Kijana, marahaba. Jambo la nafasi kwenye diski: ukifanya kazi kwa 44,100 Hz, biti 32, mono (njia moja tu ya sauti), saa moja ya mazungumzo inakula kama mega 635 kabla hujaongeza chochote. Usijaze laptopu miradi kumi ya wazi. Ukimaliza moja, toa nakala ya MP3, hamishia mradi kwenye flashi.

MP3 ya mazungumzo itoe mono, kbps 64. Nusu saa inakuwa takriban mega 14, na wengi watakaopokea wanatumia bando la siku. Ukifika podikasti, Apple inapendekeza ukubwa wa sauti uwe karibu LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha jinsi sauti inavyosikika kubwa). Audacity ina kisawazishi cha kukufikisha hapo, unaandika namba hiyo tu.

Kwa kukata, fanya hivi: cheza rekodi yote bila kusimama, na kila ukisikia pa kukata bonyeza Ctrl na M. Inaweka lebo hapo hapo huku sauti ikiendelea. Halafu rudi kwenye lebo moja baada ya nyingine. Ukishachagua kipande, bonyeza Z kabla ya kukifuta, mkato usilete ule mlio wa "tik". Na msikate kila kimya. Mzee akinyamaza kabla ya kutaja rafiki aliyefariki, kimya hicho ni sehemu ya simulizi.

Sauti_ya_Umoja

Basi nimepanga hivi: Audacity ndiyo ya kikundi kwa sababu ya muziki, na Ocenaudio niiweke kwa dada yetu mmoja ambaye kazi yake itakuwa kusafisha vikohozi tu. Reaper tutaiona tukipata pesa. Tatizo langu sasa ni data ya kupakua zote.

Kijana_wa_Rongai

Mimi niko mjini Alhamisi. Njoo na flashi pale Maktaba ya McMillan, nitakuwekea zote mbili na FFmpeg. Reaper nitaiweka pia, ni wewe kuifuta.