Tupeane uzoefu: alfajiri ya Oscar na jina ulilokuwa ukilisubiri

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa kumbukumbu za alfajiri zile ambazo mtu aliamka mapema, au hakulala kabisa, ili atazame tuzo za Oscar kwa sababu kulikuwa na jina alilokuwa akilisubiri. Orodha za washindi zimeandikwa kwingi na sizihitaji. Ninachotaka kujua ni ulikuwa wapi, uliketi na nani, na moyo wako ulikuwaje bahasha ilipofunguliwa. Naanza na yangu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, hapa Nairobi, ingawa kule Los Angeles bado ilikuwa Jumapili jioni. Sherehe ilianza saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu. Nilipunguza sauti ya televisheni ili watoto wasiamke, kwa kuwa walikuwa na shule, lakini mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Siaya kutibiwa macho, alinisikia nikipitapita, akatoka chumbani na leso yake mabegani na kuketi kando yangu. Nilimweleza kwamba Lupita, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, anawania tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa filamu ya *12 Years a Slave*. Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili na skrini aliiona kama ukungu, kwa hiyo kazi yangu ikawa kumsimulia. Nilimwambia kwamba binti amevaa gauni la samawati hafifu, rangi ambayo mwenyewe ameeleza kuwa inamkumbusha Nairobi. Mama akauliza, "Samawati ya saa ngapi?" Nikafikiri, kisha nikamjibu kwamba ni ya saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku.

Walioshindana naye walikuwa Jennifer Lawrence, Julia Roberts, June Squibb na Sally Hawkins. Niliyemhofia ni Lawrence, aliyekuwa ameondoka na tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka mmoja tu uliotangulia. Christoph Waltz alipofungua bahasha na kulitamka jina la Lupita, sikupiga kelele. Nilimshika mama mkono, naye akajua.

Hotuba ndiyo iliyobaki moyoni mwangu. Wengi wetu tunakumbuka mwisho wake, ule unaosema kwamba popote utokapo ndoto zako ni halali, na ni kweli kwamba maneno hayo yalifika hadi kwenye kuta za madarasa yetu. Mimi naona mwanzo wake una uzito zaidi. Kabla ya kujisifu kwa lolote, alisema kwamba hakusahau hata kwa dakika moja kuwa furaha kubwa kiasi hicho katika maisha yake imetokana na maumivu makubwa katika maisha ya mtu mwingine, akaisalimu roho ya Patsey, yule mtumwa wa Louisiana aliyemwigiza, mwanamke aliyekuwa akichuma pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku na ambaye anachapwa viboko katika filamu kwa sababu alikwenda kwa jirani kuomba kipande cha sabuni. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo majuma mawili kabla, na siku zote hizo sikuweza kushika sabuni pale karoni bila kumkumbuka. Kisha Lupita akamwambia mwongozaji wake, Steve McQueen, kwamba ana hakika wafu wamesimama wakimzunguka, wanatazama, nao wanashukuru. Mama akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamfasiria kwa Kijaluo neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo amelelewa."

Karibuni.

Mwanachama wa Minneapolis

Ahsante kwa kufungua mjadala huu. Mimi ni mzaliwa wa Garissa na ninaishi Minneapolis, na usiku huohuo sisi tulikuwa na jina letu jingine. Barkhad Abdi, aliyezaliwa Mogadishu na kuhamia hapa akiwa kijana, alikuwa akiwania tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kiume kwa kumwigiza haramia katika filamu ya *Captain Phillips*. Kabla ya filamu ile alikuwa dereva wa magari ya kukodi. Waigizaji walipotafutwa hapa mtaani Cedar-Riverside walijitokeza watu zaidi ya 700, binamu yangu akiwa mmoja wao, na kati ya hao wote wakachaguliwa wanne tu.

Tulijaa sebuleni watu ishirini na zaidi. Tuzo hiyo ndiyo iliyotolewa ya kwanza usiku ule, kwa hiyo sambusa zilikuwa bado za moto jina la Jared Leto liliposomwa. Hakuna aliyesema neno. Majuma mawili nyuma Barkhad alikuwa ameshinda tuzo ya BAFTA, ile ya filamu ya Uingereza, kule London, nasi tulikuwa tumeanza kuamini. Lakini niseme lililonisumbua zaidi, kwa kuwa mwenye mada ametuuliza mambo ya moyo: kwa miezi mingi nilikuwa nikibishana na nafsi yangu kama inafaa kumshangilia Msomali ambaye dunia imemjua kwa kubeba bunduki na kuteka meli. Nilipoitazama tena filamu ile niliridhika, kwa sababu yeye alimfanya haramia yule awe mtu mwenye njaa na mwenye wakubwa wanaomdai, na uso wake unaeleza hayo hata pale asipopewa maneno.

Baadaye, jina la Lupita liliposomwa, mama zetu waliokuwa wamekaa kimya tangu mwanzo walipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Walikuwa wanawake wa Wajir, Garissa na Kismayu wakimshangilia binti wa Kijaluo. Sijawahi kuliona jambo hilo kabla wala baada ya hapo, na nilitamani marehemu baba yangu angekuwepo.

Mama wa watoto wanne, Mombasa

Langu ni la Machi 2018. Filamu fupi ya *Watu Wote* ilikuwa imeteuliwa, ya dakika 22 tu, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Kijerumani kutoka Hamburg pamoja na waigizaji wa Kenya, na humo ndani watu wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Inatokana na tukio la Desemba 2015, pale al-Shabaab waliposimamisha basi la kwenda Mandera wakitaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, nao Waislamu wakakataa na kuwagawia wenzao mitandio wajisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, na akafariki Januari iliyofuata. Mume wangu amefanya kazi ya ukondakta wa basi kwa miaka mingi. Nadhani hilo latosha kueleza kwa nini nilikuwa macho saa kumi alfajiri.

Binti yangu wa tatu ni kiziwi. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye hawezi kuamshwa na sauti, lakini mwanga wa televisheni ulimfikia chini ya mlango, akaja. Nilimweleza kwa ishara kwamba tunasubiri filamu ya kwetu. Ikasomwa *The Silent Child*, ya Waingereza. Niliinamisha kichwa, nikasema alhamdulillahi kwa unyonge, nikanyosha mkono nichukue rimoti ili nizime.

Akanishika mkono. Pale jukwaani mwandishi wa filamu hiyo, Rachel Shenton, alikuwa akitoa shukrani zake huku mikono yake ikizungumza, kwa sababu alikuwa amemwahidi hivyo mtoto wa miaka sita, kiziwi, aliyeigiza katika filamu yake. Lugha ya alama ya Uingereza si sawa na hii yetu ya Kenya, hivyo binti yangu hakuweza kufuata yote, ila alisogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na vidole vyake vikawa vinarudia kila alichokiona, polepole. Akageuka, akaniuliza kama yule mwanamke ni kiziwi. Nikamjibu kwamba hapana, anasikia, ila amejifunza. Akauliza tena, kana kwamba hakuniamini: anasikia, na amejifunza?

Huzuni yangu kwa ajili ya *Watu Wote* haikuondoka, na hata leo naona ilistahili. Lakini siku hiyo jioni kaka yake mkubwa, ambaye kwa miaka yote alikuwa akizungumza naye kwa kuonyesha vidole tu, alikuja jikoni akaniomba nimfundishe alfabeti ya mikono.

Mwanachama wa Kampala

Nitakuwa mfupi. Mwaka 2007 Forest Whitaker alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kumwigiza Idi Amin katika *The Last King of Scotland*, filamu iliyopigwa hapahapa Uganda, na katika kujiandaa alijifunza Kiswahili. Mzee wangu alipoteza kaka yake katika miaka ile ya Amin na hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Alikaa nasi akiwa ameipa televisheni mgongo. Whitaker alipofika mahali pa kuwashukuru watu wa Uganda, mzee aligeuka, akatazama mpaka hotuba ikaisha, akainuka na kwenda kulala. Hatukuwahi kulizungumzia.

Mwenye mada

Nawashukuru nyote, hasa mama wa Mombasa, ambaye simulizi lake nimelisoma mara tatu. Naongeza jambo moja nililoliacha. Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia majuma machache baada ya alfajiri ile. Bandeji ilipotolewa na macho kuzoea mwanga, aliomba nimwonyeshe picha ya gauni la binti wa Nyong'o. Nikamtolea gazeti nililokuwa nimelihifadhi. Aliliweka karibu, kisha mbali, kisha karibu tena, akaniambia kwamba nilimdanganya: ile si samawati ya saa tatu, ni ya saa nne, ukungu ukiwa umekwisha kabisa.