Tupeane uzoefu: umetoa radieta moja tu, nyumba nzima ikaanza visa

mpenda_joto
Wakuu habari za humu ndani. Kila baridi ikianza swali ni lile lile kwa sura tofauti, mtu katoa radieta moja (lile pande la chuma la ukutani linalopitiwa na maji ya moto kupasha chumba joto) apake rangi au apate nafasi ya kabati, karudisha maji kawasha boila (mashine inayochemsha hayo maji), basi hapo ndo vituko vinaanza, mara juu hakupati joto mara mabomba yanagonga mara boila inajizima yenyewe na mtu ashaanza kuulizia bei ya boila mpya. Tukusanye yaliyotukuta na jinsi yalivyoisha.

Naanza mimi. Kwangu alitoa fundi, kazi safi, hakuna hata tone. Jioni radieta za chini zinachoma, za ghorofani nikipitisha mkono juu baridi chini vuguvugu. Hiyo ni hewa wakuu, ukishusha maji hewa inaingia, ukijaza tena inakimbilia juu kabisa. Kwa hiyo zima, acha pampu isimame (ikizunguka inaweza kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa), subiri zipoe, chukua ule ufunguo mdogo wa kutolea hewa na kitambaa, anza za chini malizia za juu. Unalegeza kidogo tu ile skrubu ya hewa juu ya radieta, inapuliza fsss, inatematema, maji yakija mfululizo unafunga. Sasa wengi wanaishia hapo na asubuhi wanakuta boila imegoma, kwa sababu hewa ikitoka presha nayo inashuka, yangu geji ilikuwa chini ya 0.5. Mfumo uliofungwa (usio na tangi darini) unataka presha ya bar 1 mpaka 1.5 ukiwa umepoa. Nikafungua koki ya kujazia taratibu, sindano ilipofika nikafunga, ikawaka na mpaka leo iko vizuri.

bar_tatu
Naongezea hapo kwa koki ya kujazia. Ifunge kwelikweli mkuu. Ya nyumbani kwetu ilikuwa inapitisha kidogokidogo, presha ikawa inapanda yenyewe, ikigusa 3 valvu ya usalama inafunguka na bomba la nje linachuruzika, watu wote tunatafuta uvujaji ndani kumbe maji yanaingia mengi kuliko yanayotakiwa.

spana_mbili
Mimi nataka kuongelea ile valvu ya radieta yenye namba kichwani, inayojifunga na kujifungua yenyewe kufuata joto la chumba. Nilipohamia nilikuta chumba kimoja radieta imeshatolewa, valvu imeachwa ukutani imezungushwa mpaka kwenye alama ya theluji, na mwenye nyumba anasema "imefungwa hiyo". Haijafungwa! Ile alama ni ya kuzuia kuganda, chumba kikipoa kufika kama nyuzi 6 au 7 inajifungua yenyewe, maana hiyo ndo kazi yake. Ukaja usiku wa baridi ya kweli, maji meusi tii yakaenea zulia zima. Na lile doa halitoki hata ufanyeje, ni unga wa kutu ya chuma ule.

Dawa yake: toa kichwa, weka kile kifuniko cha kukaza kwa mkono kinachobana chini pini (kijiti cha katikati ya valvu kinachofunga maji), afu mdomo wa valvu uzibe na kizibo cha shaba chenye hesi. Upande wa pili pia uzibe, usiamini koki peke yake. Na wakati wa kulegeza nati tumia spana mbili, moja inashika mwili wa valvu nyingine inazungusha nati, ukitumia moja unapinda bomba mpaka chini ya sakafu na hapo utajuta.

mama_wawili
Asanteni jamani, uzi umekuja wakati wake. Swali, mimi yamebaki mabomba mawili yametoka sakafuni, jirani ananishauri niyaunganishe na kipande cha bomba ili maji yaendelee kuzunguka. Ni sawa?

mzee_wa_mabomba
Dada usithubutu. Niliitwa nyumba moja wanalalamika boila mbovu, radieta zote vuguvugu, boila inawaka inazima inawaka inazima. Nikashika mabomba, nikakuta nyuma ya sofa kipande cha bomba kimeunganisha la kwenda na la kurudi pale ilipokuwa radieta. Maji yana njia ya mkato, yahangaike kwenda mpaka chumba cha mwisho ya nini? Yanatoka ya moto yanarudi ya moto, boila inaona kazi imeisha inazima. Nikakata kile kipande nikaziba kila mdomo kivyake, nusu saa nyumba nzima joto.

Ila angalia kwanza mfumo wako ni upi. Zipo nyumba za zamani radieta inapokea maji na kuyapitisha kwenda kwa mwenzake, hapo ukiziba za mbele zote zinakufa, hapo ndo kuunganisha kunahitajika. Nyumba nyingi siku hizi ni mabomba mawili, la kwenda na la kurudi, kuziba kunatosha.

msikiliza_kelele
Yangu ilikuwa ya ajabu. Ilitolewa ile ya bafuni, ambayo ndo pekee haikuwa na valvu ya namba, yaani iko wazi muda wote. Baada ya hapo kila vyumba vikipata joto na valvu zao kujifunga, pampu inaanza kuvuma, boila inapandisha joto inajikata. Kumbe ile ya bafuni ndo ilikuwa mlango wa maji kupumulia. Fundi kaweka valvu ya kupitisha maji pembeni, inayofunguka yenyewe presha ya pampu ikizidi, kelele kwisha. Sijui kwa nini hawasemi mapema kwamba siyo kila radieta ni ya kutoa hivi hivi.

koridoni
Hahaa, sisi walitoa ya koridoni, na thamostati ya nyumba (kile kifaa kinachopima joto na kuiwasha au kuizima boila) iko ukutani hapohapo koridoni. Koridoni hakupati joto kamwe, kwa hiyo thamostati inaamrisha boila iendelee tu, vyumbani tanuri. Tumehamishia thamostati sebuleni, na radieta ya sebuleni tumeiacha wazi bila kuibana, maana thamostati na valvu ya namba zikishindana chumba kimoja ni vurugu.

mzee_wa_mabomba
Mengine haraka haraka. Mwenye tangi dogo la darini linalojaza mfumo, geji ya presha huna, panda uangalie, boya likinata maji hayaingii na za juu hazijai. Radieta baridi chini lakini juu moto siyo hewa hiyo, ni tope, itabidi ioshwe. Na kama mlishusha maji dawa ya kuzuia kutu imetoka nayo, ongezeni.

Baada ya yote hayo zikibaki za karibu na boila zinachoma na za mbali vuguvugu, gawio la maji limebadilika. Fungua zote, washa zikiwa baridi, andika ipi inawahi. Inayowahi ibane kwenye koki ya upande wa pili, ile yenye kofia isiyozunguka, kidogo kidogo, huku unapima bomba la kuingia na la kutoka. Boila za zamani tofauti inakuwa kama nyuzi 11, hizi mpya zinazovuna joto la moshi hufika 20. Bana robo mzunguko, subiri, pima tena. Ukiwa na papara utazungusha mpaka asubuhi.

mama_wawili
Nimeziba yote mawili mzee wangu, hewa nimetoa, presha 1.3. Imebaki ya chumba cha watoto tu, koki zote wazi ila baridi juu mpaka chini.

mzee_wa_mabomba
Hiyo pini imenata. Toa kichwa cha valvu, utaona kipini kimesimama katikati, kibonyeze na ubavu wa spana kinatakiwa kuzama milimita mbili tatu na kurudi chenyewe. Kikizama kikakaa huko kigongegonge mwili wa valvu kwa pembeni taratibu. Usikivute na koleo, kikichomoka maji yanakurukia usoni.