Viterbi K=7, K=3, Reed-Solomon au kurudia mara tatu: kipi kinafaa kwa redio ya bei poa ya 433 MHz?

tangi_la_mlimani

Wakuu habari za jioni. Nina kaprojekti kangu, kuna tangi la maji liko juu ya kilima na sisi tunakaa chini yake kama mita 600 hivi, nimechoka kupanda kila asubuhi kuchungulia maji yamefika wapi, basi nikaweka Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta) kule juu na kile kitransmita kidogo cha 433 MHz, huku chini risiva yake na Uno nyingine. Inatuma baiti 4 kila dakika tano, biti 1200 kwa sekunde. Usiku na alfajiri zinafika karibu zote, ikifika mchana hadi jioni zinapotea hovyo. Antena nimeshabadilisha, waya wa sm 17 pande zote mbili.

Nimesoma soma kuhusu kodi za kurekebisha makosa nikachanganyikiwa. Mmoja anasema tuma kila biti mara tatu upige kura, mwingine konvolusheni (kila biti inachanganywa na zilizotangulia) ikifunguliwa na dikoda ya Viterbi K=3, mwingine K=7, mwingine Reed-Solomon. Nichukue ipi? Na je Uno itaweza Viterbi au nanunua ESP32, bodi yenye nguvu zaidi?

Kipepeo64

Mkuu, kurudia mara tatu kitoe kwenye orodha leo leo. Watu wanakipenda kwa sababu ni rahisi kuandika ila piga hesabu kwanza. Unatuma biti 3 kwa kila 1 na unachopata ni kurekebisha kosa moja katika hizo tatu, basi. Kodi ndogo kabisa ya konvolusheni inayofundishwa, K=3 (K ni idadi ya biti enkoda inazoangalia kwa pamoja) yenye jenereta 7 na 5 (namba zinazosema biti zipi zijumlishwe), inatuma biti 2 tu kwa kila 1 na umbali wake ni 5, yaani ujumbe wowote unatofautiana na mwingine kwa biti 5 au zaidi. Unalipa kidogo unapewa zaidi.

Njia ya haraka ya kulinganisha: chukua kasi ya kodi (biti za data kwa kila biti inayotumwa) zidisha kwa umbali. Kurudia ni 1/3 mara 3 = 1, yaani dB 0 (dB ni kipimo cha uwiano wa nguvu), hujapata kitu, nafuu unayoiona inatokana na kwamba umechoma nguvu mara tatu. K=3 ni nusu ya 5, kama dB 4. K=7 (171 na 133 kwa oktali) umbali wake ni 10 kwa hiyo dB 7. Hizo ni dari za kwenye karatasi, zinataka uamuzi laini. Ukishuka kwenye hali ya kawaida, mfano kosa 1 kwa biti 100,000, K=7 inakupa kama dB 5 ukilinganisha na kutuma bila kodi. Bado ni nyingi sana hizo.

Na K=7 sio kitu cha majaribio, ndiyo iko kwenye vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa 1977, na ndiyo hiyo hiyo iko kwenye Wi-Fi ya 802.11a na g.

FundiDishi_Moro

Samahani naingilia, mi fundi dishi tu. Hiyo "kasi ya kodi" ndio ile FEC (kinga ya makosa) 3/4, 5/6, 7/8 tunayojaza kwenye king'amuzi tukitafuta chaneli? Miaka yote naijaza tu sijawahi kujua ni nini, najua tu kwamba zile za 7/8 mvua ikianza mawingu tu picha inaganda.

Kipepeo64

Ndiyo yenyewe fundi! Kwenye DVB-S (TV ya setilaiti) kodi ya ndani ni hiyo hiyo K=7 ya nusu, halafu inatobolewa. Biti 3 zikiingia zinatoka 6, wanatupa 2 makusudi wanatuma 4, ndiyo 3/4 yako. Upande wa pili dikoda inajua zipi zilitupwa, inaweka pengo pale lisilohesabiwa kokote. Ukitoboa zaidi unapata nafasi ya chaneli nyingi ila kinga inapungua, ndo maana 7/8 inakufa mapema. Nje yake kuna Reed-Solomon 204,188 (kodi inayorekebisha baiti nzima nzima) inayosafisha mabaki, inarekebisha hadi baiti 8 kwa kila pakiti. DVB-S2 waliachana na mpango huo wakaenda kwenye kodi nyingine, LDPC na BCH.

bintiwamawimbi

Kaka Kipepeo hesabu zako sawa ila umeruka kitu kikubwa, umesema "zinataka uamuzi laini" ukapita kama vile mtoa mada anao. Hana.

Kile kirisiva cha bei poa kinatoa pini ya data ambayo ni 0 au 1 kavu kavu. Ndani kuna mawimbi yanapanda na kushuka, kuna kilinganishi kinayakata, ukishakata umetupa habari. Biti iliyopita kwa nguvu zote na biti iliyopenya kwa bahati zinatoka zinafanana. Uamuzi laini (laini hapa sio ya simu jamani) maana yake dikoda inapewa pia uhakika, mfano 0 hadi 7, 7 ni "moja kabisa", 4 ni "moja labda", na Viterbi inatoza faini kulingana na hapo. Tofauti ya mgumu na laini ni kama dB 2. Na huhitaji namba nzito, ngazi 8 tu zinatosha, unapoteza kama robo ya dB ukilinganisha na kuwa na namba kamili.

Kwa hiyo mtu anabishana K=3 au K=7 wakati dB 2 zimemwagika pale kwenye kilinganishi kabla kodi haijaanza kazi. Wengi wa hizo risiva zina chipu ya LM358, nusu yake inakuza nusu yake inakata. Chukua waya kabla ya kukata upeleke kwenye pini ya analogi ya Uno, hapo ndo tuongee mambo ya K.

tangi_la_mlimani

Dada asante, nimeiona LM358 kweli ipo. Ila naomba mnisaidie kwanza, hiyo enkoda yenyewe inafanyaje? Kila nikisoma naona "jenereta polinomia" nalala.

Kipepeo64

Haina mambo. Chukua K=3. Una visanduku viwili vya kumbukumbu, vinaanza 0 0. Biti mpya ikija, tokeo la kwanza ni jumla ya hiyo mpya na visanduku vyote viwili (7 ni 111), la pili ni hiyo mpya na sanduku la mwisho tu (5 ni 101). Jumla ikiwa shufwa andika 0, witiri andika 1. Kisha kila kitu kinasogea hatua moja.

Ujumbe 1011, unaongeza sifuri mbili mkiani ili visanduku virudi 00. Fanya mwenyewe kwenye karatasi utapata 11 10 00 01 01 11. Hiyo ndiyo enkoda nzima, mistari mitano ya C.

Dikoda ndo yenye kazi. Visanduku viwili vina hali nne tu zinazowezekana, kila hatua kwenye kila hali zinafika njia mbili, kila njia inabeba faini ya biti ambazo hazikufanana na ulichopokea. Unabakiza yenye faini ndogo unaua nyingine, basi, unasonga. Mwisho unarudi nyuma kwa njia iliyosalia. Tuseme umepokea 11 10 10 01 01 11, kosa liko jozi ya tatu. Njia ya kweli ina faini 1, njia nyingine yoyote iko mbali nayo kwa biti 5 au zaidi kwa hiyo faini yake haiwezi kushuka chini ya 4. Imekwisha hiyo. Andrew Viterbi aliiandika 1967, kodi zenyewe Peter Elias alizileta 1955, yaani miaka 12 zilikuwepo bila dikoda hii.

Kuhusu Uno: K=7 ina hali 64. Baiti zako 4 ni biti 32, ongeza mkia 6, hatua 38. 38 mara 64 ni 2,432, hizo ndo mara zote utakazolinganisha kwa pakiti nzima, na una dakika tano za kusubiri nyingine. Kumbukumbu ya njia ni baiti 8 kwa hatua, kama 304, Uno ina 2,048. ESP32 ya nini? Kula hela yako.

rudia_rudia

Mi nina ushuhuda. Nilijifanya mjanja nikasema jenereta si namba tu, nikaweka 6 na 5 badala ya 7 na 5. Mezani ilifanya kazi vizuri, nikaenda nayo uwanjani data inakuja safi halafu ghafla inageuka yote, sifuri zote zimekuwa moja, moja zote sifuri, na haijirudi mpaka niwashe upya, nimekesha siku mbili nikitafuta kosa kwenye taima kumbe kosa ni hizo namba.

bintiwamawimbi

Pole 😂 hiyo inaitwa kodi ya maafa, kimahesabu kabisa. 6 ni 1+D na 5 ni 1+D², na kwenye hesabu za biti 1+D² ni sawa na (1+D) mara (1+D), kwa hiyo zina kigawo kimoja. Ukituma moja tupu bila kukoma enkoda inatoa 11, 01, halafu 00 00 00 milele. Maana yake makosa matatu tu hewani yanatosha kumfanya dikoda aamini kwamba sifuri zako zote ni moja. Tumieni zilizo kwenye majedwali jamani, 7,5 kwa K=3, 171,133 kwa K=7, 753,561 kwa K=9, watu walishazitafuta kwa kompyuta.

mzee_wa_HF

Habari zenu, niko Nakuru, mimi ni wa redio za ridhaa. Naona mnaongea kana kwamba Viterbi ndiyo dikoda pekee. WSPR, mfumo tunaotumia kutuma ishara dhaifu, inatumia K=32! Hakuna mtu anaweza Viterbi ya hali bilioni mbili, wanatumia dikoda ya Fano, inafuata njia moja ikiona faini imezidi inarudi nyuma kujaribu nyingine. Biti 50 za ujumbe na mkia 31 ni 81, mara mbili ni 162, ndiyo urefu wa fremu. Vyombo vya anga Pioneer 10 na 11 pia vilikuwa na K=32. Ubaya wake ni muda, ishara ikiwa mbaya inahangaika hadi inakata tamaa, lakini angalau unajua imekata tamaa. Viterbi itakupatia jibu siku zote hata kama ni la uongo, kwa hivyo CRC (namba ya ukaguzi inayoonyesha kama pakiti imeharibika) ni lazima.

Chombo cha anga Galileo nacho antena yake kubwa ilikataa kufunguka 1991, ila K=15 kilichokuwa nayo iliundwa kabla ya hapo. Hali 16,384, kwa miaka ile hiyo ilikuwa mashine kubwa.

bintiwamawimbi

Mzee umegusa CRC, nimekumbuka. Mtoa mada, unatumia maktaba gani ya kupokelea? Nyingi zina CRC yao ndani, pakiti ikiwa na kosa moja zinaitupa kimya kimya. Ukiweka Viterbi juu ya maktaba ya namna hiyo, dikoda yako itapokea pakiti ambazo tayari ni nzima, zilizoharibika hazimfikii. Hakikisha kwanza, wengi wanasema "FEC haisaidii" kumbe ndo hii.

Na hiyo ya mchana inanitia shaka. Kelele za kawaida haziangalii saa. Karibu na risiva kuna nini?

tangi_la_mlimani

Mmh. Kijiwe cha bodaboda. Mita kama 20 kutoka dirishani.

Na maktaba nimeangalia sasa hivi, kweli inatupa. Wiki mbili najaribu kodi nyumbani bure kabisa.

Kipepeo64

Basi nami nafuta nusu ya nilichosema. Cheche za plagi zinakuja kwa mafungu, na dB zangu zote zilikuwa za kelele iliyosambaa sawasawa. Kwa 1200 biti moja ni chini kidogo ya milisekunde, fungu la milisekunde 5 linakula biti 6 mfululizo, na Viterbi inachukia hivyo, K=3 haiwezi kabisa na K=7 itayumba. Lazima uchanganye biti kabla ya kutuma: ziandike kwa mistari ya 8, zisome kwa nguzo, upande wa pili zirudishe. Fungu linakuwa makosa ya moja moja yaliyotawanyika. GSM (simu za mkononi za 2G) wanafanya hivyo, fremu ya sauti wanaitawanya kwenye mipasuko 8 (vipande vifupi vya kutuma). Nao pia hawakingi kila kitu, katika biti 260 zinakingwa 182 kwa K=5, zile 78 za mwisho zinaenda uchi kwa sababu sikio halijali. Baiti yako ya kiwango cha maji iko hivyo hivyo, biti ya juu ikikosea tangi limejaa au limekauka, ya chini ni sentimita.

Reed-Solomon hapa ingeingia pia, baiti 4 za data na 4 za ulinzi inarekebisha baiti 2 hata zikiharibika biti zote nane. Kwa mafungu ni nzuri. Ila hailetewi uamuzi laini kirahisi.

Na itaniuma kusema hivi lakini kurudia kunarudi kwenye orodha. Sio biti mara tatu papo hapo, tuma pakiti nzima tena baada ya sekunde 30. Boda iliyowasha saa ile itakuwa imeshaondoka. Ukiwa na thamani laini jumlisha hizo mbili kabla ya Viterbi.

rudia_rudia

Jina langu limepata heshima leo 😂

tangi_la_mlimani

Mrejesho. Nimeacha ile maktaba, nimeandika yangu inayoweka kila kitu hata kibovu. K=7, mchanganyo wa mistari 8, kila biti naipeleka kwa Manchester (kila biti inakuwa mabadiliko ya juu-chini au chini-juu) maana bila hivyo risiva ilikuwa inapotea zikija sifuri nyingi, pakiti inarudiwa baada ya sekunde 30. Bado natumia pini ya data kavu, ule waya wa LM358 niliuunguza nikichomea, nasubiri risiva nyingine. Hata hivyo leo mchana kutwa grafu haina pengo refu, zilizokosekana ni za hapa na pale, na zile mbaya CRC inazikamata.

Kitu kimoja sijaelewa, saa saba mchana makosa yanapungua kabisa kwa kama nusu saa halafu yanaanza tena.

FundiDishi_Moro

Wako kwa mama ntilie hao.