Ushauri: The Force ya Kool & the Gang (1977), ninunue au niache?

Santuri_Magomeni: Wakuu, habari za jioni. Kuna mzee mtaani anauza santuri mbili za Kool & the Gang, ile bendi ya funk ya Marekani: Wild and Peaceful ya 1973 na The Force ya 1977. Hataki kuzitenganisha. Ya kwanza siulizi, nyimbo za Jungle Boogie na Hollywood Swinging zimo humo. Ila The Force, kila ninayemuuliza ananiambia ilidoda. Mimi ni dijei wa harusi, nataka vitu vya kuinua watu vitini. Nitoe hela ya zote au niachane naye?

BesiNzito: Ilidoda kweli mkuu, na Everybody's Dancin' ya 1978 ikadoda vilevile. Disko ilishashika kumbi zote Marekani, Kool & the Gang, jamaa wa Jersey City, nao wakaanza kuikimbiza. Sikiliza hiyo ya 1973: saksafoni za Ronald Bell na Dennis Thomas ndizo zinazosukuma wimbo, sauti ni kelele za kundi zima wakiitikiana. Ukiwafuata watu wa disko bila mwimbaji wa kusimama mbele, unabaki njia panda.

MamaZilipendwa: Mdogo wangu, usiwaonee. Open Sesame yao ya 1976 ilichukuliwa kwenye santuri ya filamu ya Saturday Night Fever.

BesiNzito: Sawa dada, lakini pale waliotamba ni kundi la Bee Gees. Kool & the Gang waliponea 1979, James "J.T." Taylor alipoingia kuimba na Mbrazili Eumir Deodato akashika utayarishaji. Ikatoka Ladies' Night, kisha 1980 Celebration, iliyokalia namba moja Marekani mwaka uliofuata. Kwa harusi, tafuta hiyo.

DJ_wa_Kale: Mbona hakuna anayeuliza hali ya santuri zenyewe? Ziinue usawa wa jicho uone kama zimepinda, kisha zimulike na tochi kwa ubavu, mikwaruzo itajitokeza. Iliyododa huwa haikuchezwa sana, unaweza kuikuta safi kuliko ile unayoitaka.

Santuri_Magomeni: Nimetoka kwake sasa hivi. The Force inang'aa, utadhani imetoka dukani jana. Wild and Peaceful sindano inaruka katikati ya Jungle Boogie!

DJ_wa_Kale: Hahaha! Basi mshushe bei kwa hiyo ya 1973.

MamaZilipendwa: Na umshushe kwa adabu, ni mzee huyo.